Asamankese, 1937: Kanisa lililozaliwa kwa maombi likagawanyika kwa kwinini

Machi 1937 mmisionari mmoja aitwaye James McKeown alifika Gold Coast, nchi tunayoiita Ghana leo, akaenda kukaa katika mji mdogo wa Asamankese. Alikuwa na umri wa miaka 36. Waliompokea walikuwa Wapentekoste wa Kiafrika waliokuwa wameomba wenyewe waletewe mmisionari, na kiongozi wao, Peter Newman Anim, mwenye miaka 47, alikuwa amelilea kanisa hilo kwa takriban miaka kumi na mitano. Miezi michache baadaye mgeni akashikwa na malaria kali. Akapelekwa hospitali Accra, akatibiwa kwa kwinini, dawa ya malaria, akapona; nao waliomwalika walikuwa wanafundisha kwamba aaminiye hatumii dawa yoyote.

Kisa chenyewe ni hicho tu. Hakuna aliyekula sadaka, hakuna aliyemchukua mke wa mtu, hakuna aliyemkana Kristo. Hata hivyo, kufikia 1939 ushirika ule ulikuwa umevunjika, na wale waliokuwa wakipiga magoti pamoja hawakurudi tena kuwa kitu kimoja. Wengi husimulia habari hii kwa haraka, kana kwamba ni ugomvi wa wajinga na vidonge. Nimekaa nayo muda mrefu na sikubaliani na usimulizi huo. Pande zote mbili zilikuwa na hoja, na ukiifuatilia historia ya kanisa lile tangu mwanzo utaona kwamba ufa ulikuwepo ukutani kabla meli ya McKeown haijatia nanga.

Jarida lililofika kwa posta

Asamankese iko katika nchi ya Akyem Abuakwa, kaskazini-magharibi mwa Accra. Ni mji wa kakao, na tangu mwisho wa miaka ya 1910, almasi zilipogunduliwa kwenye bonde la mto Birim, ukawa pia mji wa kesi. Machifu wa Asamankese na wa mji jirani wa Akwatia waligombana kwa miaka mingi na mfalme wao, Nana Ofori Atta, kuhusu mapato ya almasi, na mashauri hayo yakafika hadi London. Nayataja kwa sababu watu wa mji huu walikuwa wanajua maana ya kudai haki yao kwa maandishi na kutokubali mkubwa awaamulie kila kitu. Kanisa lao lilizaliwa katika hali hiyohiyo ya mji.

Anim hakuwa mzaliwa wa hapo. Alizaliwa Boso, ng'ambo ya mashariki, mwaka 1890, akalelewa katika kanisa la Kipresbiteri lililoanzishwa na wamisionari wa Basel. Mwaka 1917 likamwangukia mkononi jarida kutoka Marekani, Sword of the Spirit, lililotolewa na kanisa la Faith Tabernacle la Philadelphia. Mafundisho yake yalikuwa makali na mepesi kueleweka: Mungu huponya, na anayemtegemea Mungu hachanganyi. Hospitali hapana, mitishamba hapana, dawa ya aina yoyote hapana.

Mwaka uliofuata ikaja homa ya mafua ya 1918. Gold Coast peke yake, wanahistoria wanakadiria waliokufa kuwa watu wapatao 100,000 katika muda wa miezi. Madaktari wa serikali walikuwa wachache mno na wao wenyewe waliugua, na dawa waliyokuwa nayo haikufaa kitu mbele ya ugonjwa ule. Waganga wa kienyeji nao hawakuwa na jibu. Katika pwani yote ya Afrika Magharibi, kuanzia hapo hadi Ijebu-Ode kule Nigeria, vikundi vya Wakristo vilianza kukutana nje ya ibada rasmi na kuomba tu. Ukimwambia mtu aliyezika nusu ya jamaa zake kwamba dawa haina nguvu, humfundishi jambo jipya. Ameliona.

Anim mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliteswa na tumbo kwa muda mrefu, kisha akapatwa na mnyoo wa Guinea, ule mnyoo mrefu kama uzi unaochomoza mguuni na kumfanya mtu ashindwe kutembea. Aliomba kama jarida lilivyofundisha, akapona yote mawili. Akajitoa kwa Wapresbiteri, na mwanzoni mwa miaka ya 1920 akaanzisha kundi lake Asamankese kwa jina la Faith Tabernacle. Kibali chake cha kuhudumu kilimfikia kwa posta. Philadelphia haikumtuma mmisionari hata mmoja. Kanisa zima lilijengwa kwa barua, majarida, na ushuhuda wa mtu aliyekuwa hawezi kutembea na sasa anatembea.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo, kwa sababu jambo hili ndilo linaloamua kisa chote. Makanisa mengi yana fundisho la uponyaji kama kipengele kimoja kati ya vingi, kiko namba saba au nane kwenye ukurasa wa misingi ya imani. Katika kundi la Anim uponyaji haukuwa kwenye orodha. Ulikuwa ndio mlango watu walioingilia. Karibu kila mmoja alikuwa na siku yake, mtoto wake, donda lake. Ukigusa fundisho hilo umegusa sababu ya mtu kuwa pale.

Philadelphia ikawaangusha. Katikati ya miaka ya 1920 mchungaji aliyekuwa akiwaandikia, Ambrose Clark, aliondolewa na kanisa lake kwa tuhuma za kimaadili, na vikundi vya Afrika Magharibi vikabaki vikishangaa barua zipi sasa ziaminiwe. Anim akakata uhusiano. Mwaka 1930 akachukua jina jingine, Apostolic Faith, kutoka kwa kanisa la Portland, Oregon, ambalo nalo alilifahamu kwa majarida. Kutoka hapo aliongeza fundisho ambalo Faith Tabernacle walilikataa kabisa: ubatizo wa Roho Mtakatifu na kunena kwa lugha.

Fundisho hilo lilikaa kwenye karatasi hadi 1932. Katika kijiji cha Brekumanso, karibu na Asamankese, muumini mmoja aitwaye Stephen Owiredu alikuwa na mtoto mgonjwa. Alikwenda porini peke yake kumwombea. Huko porini, akiwa katika kuomba, akajikuta ananena kwa lugha asiyoijua. Habari zikasambaa, watu wakamiminika Brekumanso, na kundi la Anim likawa la Kipentekoste kwa kuonja, siyo tena kwa kusoma. Ona lakini kilichompeleka Owiredu porini. Hakwenda kutafuta lugha. Alikwenda kwa sababu ya mtoto anayeumwa. Hata Pentekoste yao iliingia kupitia mlango uleule wa ugonjwa.

Sentensi moja, maana mbili

Kwa nini watu waliojijenga wenyewe namna hii waliomba mmisionari? Sababu hazifichiki. Wakati wa ukoloni kundi la Waafrika lisilo na Mzungu nyuma yake lilitazamwa kwa mashaka. Nigeria ilionekana wazi: uamsho wa mhubiri Joseph Ayo Babalola ulipowaka kuanzia 1930, serikali iliingiwa na hofu, na mwaka 1932 Babalola akafungwa jela miezi sita. Viongozi wa kule walikuwa wameshawaandikia Apostolic Church ya Uingereza, kanisa lililozaliwa katika kijiji cha wachimba makaa cha Penygroes, Wales, na mwaka 1931 viongozi watatu wa kanisa hilo wakafika Nigeria. Waliofuata wakakaa. Kupitia kwao Anim akakutana na mmisionari George Perfect, na mwaka 1935 kundi la Asamankese likajiunga na Apostolic Church. Kilichobaki ni kuletewa mtu wao.

Mazungumzo ya kujiunga hayakuwa magumu. Mnaamini kunena kwa lugha? Tunaamini. Mnaamini mitume na manabii wapo hata leo? Tunaamini. Mnaamini uponyaji wa kimungu? Tunaamini.

Swali la tatu ndilo lililowapoteza. Waingereza waliposema wanaamini uponyaji wa kimungu walimaanisha kwamba Mungu anaweza kuponya na tunamwomba aponye; na mtu akienda kwa daktari, hilo halimtoi katika imani. Wenyeji wao waliposema maneno hayohayo walimaanisha kwamba Mungu ndiye daktari pekee wa aaminiye, na anayemeza kidonge amemwambia Mungu hamtoshi. Sentensi ni moja, neno kwa neno. Kila upande ulisikia sauti yake mwenyewe ikirudi, ukafurahi, ukadhani umempata ndugu.

Nimeona jambo hili likijirudia katika makanisa yetu mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Wazee wa pande mbili wanakaa, wanasoma misingi ya imani kwa sauti, kila kipengele wanasema amina, na hakuna anayeuliza: sasa mtoto wa mshirika akiumwa usiku, kwenu mnafanya nini? Imani ya mtu iko katika jibu la swali hilo la usiku, siyo katika karatasi. Asamankese hawakuulizana.

Homa

McKeown hakuwa mtu wa mbwembwe. Wazazi wake walitoka Ireland ya Kaskazini, naye alikulia huko mashambani. Baadaye aliendesha tramu Glasgow. Wito wa kwenda Afrika ulipomjia mara ya kwanza aliukataa. Alipoukubali hatimaye, alikuja peke yake, na mkewe Sophia akamfuata baadaye mwaka huohuo.

Alifika mwaka wa joto katika siasa pia: kabla ya mwisho wa 1937 wakulima wa kakao walikubaliana kutowauzia kampuni za Kizungu mazao yao, na mgomo huo ukaendelea hadi Aprili 1938. Kwa hiyo kila Mzungu aliyetoa neno la mwisho juu ya Mwafrika alikuwa anatoa neno hilo katika hewa ya namna hiyo, atake asitake.

Kisha homa. Malaria ya Afrika Magharibi kwa sehemu kubwa ni ile ya falciparum, mbaya kuliko zote. Kwa mtu mzima aliyezaliwa mahali penye ugonjwa huo, mambo huwa tofauti na inavyokuwa kwa mgeni. Mwenyeji ameumwa tangu utotoni, mara kadhaa kila mwaka, na kama amevuka miaka ya kwanza mwili wake umejifunza kupigana. Hupata homa, kichwa humgonga, mifupa humuuma siku mbili tatu, kisha jasho humtoka na anaamka. Mgeni hana kinga hiyo hata kidogo. Vimelea huongezeka katika damu yake bila kizuizi, na wanaweza kumwua ndani ya siku chache.

Wazee wa Asamankese waliokuja kumwombea McKeown walikuwa na ushuhuda wa kweli kabisa. Walikuwa wameugua homa hiihii, wameomba, wameinuka. Hawakudanganya wala hawakutia chumvi. Walichokosa kujua, na wakati ule ni wachache duniani waliokielewa vizuri, ni kwamba mwili wa mzee wa Asamankese na mwili wa mtu wa Glasgow haukuingia kitandani na silaha sawa. Simaanishi kwamba Mungu hakuwaponya. Naamini anaponya. Ninachosema ni kwamba kipimo walichokitumia kumpima mgeni kilikuwa kimekatwa kwa urefu wao.

Na hoja hii ina upande wa pili unaouma zaidi. Kinga ya mtu mzima haikuwepo kwa mtoto mchanga. Katika nchi zenye malaria kali ni watoto wa chini ya miaka mitano wanaozikwa zaidi. Kanisa lisilotumia dawa lilikuwa linawabebesha mzigo huo walio wadogo kuliko wote, wale ambao hawakuwa wamechagua imani yoyote. Owiredu kule porini alikuwa anajua hilo kwa moyo wake, bila kuhitaji daktari kumweleza.

Upande wa McKeown nao haukuwa mgeni wa hoja hii. Wamisionari wa Kizungu walioamini uponyaji bila dawa walishajaribu Afrika Magharibi kabla yake. Mwaka 1890 kikundi cha vijana kutoka Kansas kilifika Freetown, Sierra Leone, kikiwa kimeamua kumtegemea Mungu tu bila kwinini, na ndani ya wiki chache wengine wao walikuwa makaburini. Kwa miaka mingi pwani ile iliitwa kaburi la Mzungu, na kilichobadilisha jina hilo kwa sehemu kubwa ni maganda ya mti wa sinkona na dawa iliyotolewa humo.

Aliyewahi kuinywa kwinini anajua si kinywaji cha anasa. Uchungu wake hukaa kooni hata baada ya kunywa maji. Ukipewa dozi ya kutibu malaria masikio huanza kuvuma kama mzinga wa nyuki, mtu anayesema karibu nawe unamsikia kwa mbali, tumbo huchafuka. McKeown alilala katika hali hiyo hospitalini Accra huku kanisa lililomwalika likisubiri Asamankese. Alipotoka alikuwa hai. Kwa Waingereza ilikuwa sala iliyojibiwa. Kwa wengi wa waliomwalika, mchungaji wao alikuwa ameanguka mtihani ambao wao wenyewe, na watoto wao, walikuwa wakiufanya kila msimu wa mvua.

Neno dawa

Msomaji wa Kiswahili ana bahati katika kuelewa kisa hiki, kwa sababu lugha yetu inabeba mzigo uleule. Sisi tunasema dawa ya hospitali, dawa ya mganga, dawa ya mapenzi, dawa ya kuzuia wezi dukani. Mtu akisema fulani ametiliwa dawa, hakuna anayefikiria duka la madawa. Kitwi, lugha ya watu wa Asamankese, kina neno aduro, nalo hushika pande hizo zote: kinachotibu, kinachodhuru, na kinachotengenezwa kwa nguvu za siri.

Kwa hiyo mwongofu wa miaka ya 1920 alipoambiwa aache aduro, alisikia amri ya kukata kamba iliyomfunga kwa mganga, kwa miungu ya ukoo, kwa kuku aliyechinjwa na masharti aliyopewa. Kuacha dawa zote kwa pamoja kulikuwa rahisi kuliko kuzichambua. Anayeacha pombe anajua: ni afadhali usionje kabisa kuliko kuanza kuhesabu glasi. Ukiruhusu chupa ya daktari leo, kesho mama mkwe ataleta chupa nyingine iliyofanana nayo, na utamkatalia kwa hoja gani?

Mzungu hakulisikia neno hilo hivyo. Kwake kwinini ilikuwa kitu kama sabuni au chandarua. Hakuna pepo ndani ya kwinini. Hakuona kwamba mbele ya macho ya washirika alikuwa amekwenda kwa mganga wa kabila lake.

Ndiyo maana siwezi kukubaliana na wanaomcheka Anim. Msimamo wake ulilinda kitu halisi, kwa watu waliokuwa wanatoka katika hofu halisi. Vilevile siwezi kumtetea hadi mwisho. Uzio uliojengwa kumzuia mganga ulimzuia pia daktari, na waliobaki nje ya lango wakiwa na homa walikuwa wanadamu. Maandiko aliyoyashika yapo, lakini yapo pia mengine: Isaya aliagiza mkate wa tini uwekwe kwenye jipu la Hezekia, na Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa bila kumtaka atubu kazi yake.

Nani mwenye neno la mwisho

Kama suala lingekuwa dawa peke yake, nadhani lingepatiwa njia. Makanisa yamewahi kuishi na tofauti kubwa kuliko hiyo: anayetaka ameze, anayetaka aombe, wasihukumiane. Kilicholifanya jambo lisiwezekane ni mamlaka.

Katika muundo wa Apostolic Church, mmisionari aliyetumwa na makao makuu ndiye msimamizi wa kazi. McKeown alikuwa mgeni wa miezi michache, mdogo kwa umri, hajui lugha. Na kwa karatasi ndiye aliyekuwa juu. Anim alikuwa mwanzilishi, aliyepita Wapresbiteri, Philadelphia na Portland, na kila mara aliposhawishika kwamba waliokuwa juu yake wameiacha kweli, aliondoka. Mtu huyu asingeweza kunyamaza sasa kwa sababu aliyekosea anatoka Uingereza. Kwa macho yake alikuwa anafanya lilelile alilofanya mara mbili tayari.

McKeown naye hakuwa katika nafasi ya kutubu kwa jambo ambalo kanisa lake halikuliona dhambi. Kama angekiri kwamba alikosa imani, angewafundisha waumini fundisho ambalo hakuliamini. Kama angekataa, alikuwa anawaambia watu kwamba ushuhuda wao wa miaka kumi na mitano ulikuwa wa ziada. Kila nikijaribu kumtafutia sentensi ambayo angeweza kuisema mbele ya kusanyiko la Asamankese ikawaridhisha wote, sipati.

Mwaka 1938 McKeown akahamia Winneba, mji wa pwani. Nadhani uhamisho huo ulimaliza jambo zaidi ya kikao chochote, kwa kuwa tangu hapo kulikuwa na makao mawili, na kila mshirika alijua la kwake liko wapi. Mwaka 1939 Anim na wengi waliokuwa naye wakajitenga rasmi, wakajiita Christ Apostolic Church. Baadhi ya makusanyiko yakabaki na McKeown. Nigeria mgogoro huohuo wa kwinini ulilipasua kanisa miaka hiyohiyo, na Babalola pamoja na wenzake wakatoka na jina hilohilo, Christ Apostolic Church. Mji ule mdogo, basi, haukuwa wa ajabu. Ulikuwa mahali ambapo swali la eneo zima lilipata sura ya mgonjwa mmoja kitandani.

Kitu kimoja hunigusa katika hatua hii. Nimeona migawanyiko ya makanisa ambayo huanza na mafundisho na kuishia kwenye viti, spika na hati ya kiwanja. Huu, kwa yote yanayosimuliwa, ulibaki kwenye jambo lenyewe: mtu amtumaini Mungu hadi wapi. Ni mgawanyiko wa huzuni, lakini ni wa watu walioheshimu walichokiamini.

Baada ya hapo

Asamankese ilimfundisha McKeown jambo, au ndivyo ninavyomsoma kwa matendo yake. Katika miaka iliyofuata alipenda kusema kwamba ukipanda mwaloni wa Uingereza Ghana hautastawi, panda mti wa hapo uone. Akawaachia Waafrika uongozi kwa kiwango ambacho wamisionari wachache wa wakati wake walithubutu. Msimamo huo ulimgharimu. Mwaka 1953 alikataa kukubali vifungu vipya vya katiba ya kanisa lake, akaondolewa, na sehemu kubwa ya waumini wa Gold Coast wakamfuata. Yaani yeye naye akafanya alichofanya Anim: akasimama mbele ya makao makuu ya Uingereza akasema hapana. Mabishano ya jina na mali yakaendelea hadi baada ya uhuru, mpaka Rais Nkrumah alipoingilia, na mwaka 1962 kundi la McKeown likachukua jina la Church of Pentecost. Leo ni miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kiprotestanti nchini Ghana.

Ukihesabu, kutoka kusanyiko moja la mji wa kakao yametoka madhehebu matatu: Christ Apostolic Church ya Anim, Apostolic Church iliyobaki na Uingereza, na Church of Pentecost. Yote matatu yanamtaja Anim kama baba wa Upentekoste wa Ghana kwa namna moja au nyingine, na sidhani kuna anayeweza kumnyang'anya heshima hiyo.

Anayechunguza kisa hiki kwa ajili ya kanisa lake mwenyewe atauliza kosa lilikuwa wapi. Jibu langu ni mwaka 1935, mezani, wakati kila mtu alikuwa anafurahi. Lilihitajika swali moja tu la kawaida, lile la mtoto anayeumwa usiku, na aulizwe mtu asiye na cheo, mama anayelea, ambaye jibu lake haliwezi kuwa la karatasi. Inawezekana jibu lingezuia muungano. Inawezekana pia lingewapa nafasi ya kukubaliana mapema kwamba mgeni atatibiwa kwa kawaida ya kwao bila kumvunja mwenyeji, na ugonjwa ungekuja ukakuta makubaliano badala ya mshangao. Mshangao ndio uliouma. Watu wa Asamankese wangeweza kumvumilia Mzungu anayemeza kwinini. Hawakuweza kumvumilia ndugu waliyedhani haimezi.

Anim alifariki mwaka 1984, akiwa amepita miaka 90, mtu ambaye katika ujana wake alishindwa kutembea kwa sababu ya mnyoo. McKeown aliondoka Ghana 1982 na kufariki 1989 huko Ireland ya Kaskazini. Asamankese bado ni mji wa kakao, na Church of Pentecost imeufanya makao ya mojawapo ya maeneo yake ya kiutawala. Kule Madina, pembeni mwa Accra, kanisa hilohilo linaendesha hospitali, na jina lake ni Pentecost Hospital.